Mzee akipotea, tangazo liseme nini

Mjomba alitoka nyumbani Chikongola, hapa Mtwara mjini, baada ya sala ya alasiri, akasema anakwenda barazani kwa wenzake. Ilikuwa mwezi wa kumi, msimu wa korosho, na watu wengi wa mtaani walikuwa wamehamia mashambani. Magharibi ikaingia hajarudi. Barazani hakuwa amefika. Alikuwa ameanza kusahau tangu mwaka uliotangulia: ataomba chakula na sahani bado iko mbele yake, au atamwita mama yangu kwa jina la bibi. Sisi tukasema ni uzee tu.

Wiki iliyopita jirani alinipigia usiku, baba yake haonekani, akaniuliza aanzie wapi. Nilimjibu mbiombio. Haya ndiyo ningemwambia kama tungekuwa tumekaa.

Nenda polisi saa ileile. Sisi tulilala na uchungu wetu nyumbani kwa sababu kila aliyekuja alisema polisi hawapokei taarifa mpaka saa 24 zipite. Asubuhi askari wa zamu alituuliza swali moja tu: "Jana mlikuwa wapi?" Hatukuwa na jibu. Mzee anayesahau, au mtoto, si mtu wa kusubiriwa. Ukishapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, iandike mahali, maana utaulizwa kila uendako. Kama ni usiku na kituo kiko mbali, 112 ni namba ya dharura ya polisi; kwa mtoto kuna 116, haina malipo. Pitia hospitali pia, kwetu ni Ligula, na uulize hata mochwari. Inauma, lakini uliza. Watu wa kivuko cha Msanga Mkuu nao waambiwe.

Sasa tangazo. Hapa ndipo tulipokosea, na kosa letu nalisikia redioni mpaka leo.

Tangazo la kwanza tuliandika sisi wenyewe, redio ikalisoma kama lilivyo baada ya kuona RB na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Lilikuwa na majina matatu ya kwenye kitambulisho, umri, kabila, kisha maneno haya: "ana matatizo ya akili." Tulidhani tunasema kweli. Lakini mtu akisikia maneno hayo barabarani anafanya nini? Anakaa mbali. Anawaita watoto waingie ndani. Baadaye tulikuja kujua kuwa jioni ya siku ya kwanza mjomba alipita kwenye kibanda kimoja akaomba maji, akafukuzwa kwa kudhaniwa kichaa. Tangazo letu lilikuwa linawafundisha watu wengine wafanye vilevile.

Na yale majina matatu hayakumsaidia. Yeye mwenyewe wakati ule alikuwa anaitikia jina la utotoni tu. Picha tuliyosambaza kwenye magrupu ya WhatsApp ilikuwa ya harusini, ana koti, kanzu na ndevu zilizochongwa. Mzee aliyetoka nyumbani alikuwa na shati la drafti lililopauka, kandambili, na ndevu za wiki mbili.

Siku ya pili mama aliketi na daftari, tukaandika upya. "Mzee wetu anasahau njia. Hana ubaya na mtu. Anaitikia jina hili. Anazungumza Kimakonde zaidi kuliko Kiswahili. Ukimwona, msalimie, mkalishe kivulini, mpe maji, usimshike kwa nguvu, kisha piga moja ya namba hizi mbili." Namba ziwe mbili, za watu walio nyumbani ambao simu zao zina chaji. Na katika tangazo usiseme zawadi nono. Sisi ndugu mmoja alisema, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumepigiwa na watu watatu wanaodai wanaye, ila kwanza tutume nauli. Mmoja tulimtumia. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, omba uongee na mzee mwenyewe, au uliza jambo ambalo hukulitaja kwenye tangazo. Kovu, kwa mfano. Alama moja ibaki siri yenu.

Kuna jambo jingine lazima niliseme ingawa linanitia uchungu. Mchana wa siku hiyo ya pili ilianza minong'ono kwamba mjomba hakupotea, amechukuliwa kichawi akafanywa ndondocha, analimishwa shamba la mtu usiku. Jina lililotajwa lilikuwa la bibi mmoja mjane wa nyumba ya tatu, ambaye kosa lake ni kuishi peke yake na kuwa na mikorosho inayozaa. Vijana wakakusanyika mlangoni kwake. Walewale tuliokuwa tunawahitaji wazunguke Mangamba na Naliendele na bodaboda! Mwenyekiti alifika, akasimama mlangoni na kuwagawa wawili wawili kila njia. Mama yangu akaingia ndani kwa yule bibi, akakaa naye mpaka usiku. Kama wewe ndiye mwenye mgonjwa, usinyamaze minong'ono ikianza. Watu wanaangalia uso wako. Ukinyamaza wanaona umekubali.

Aliyetupa njia ni mama. Alikumbuka kuwa wiki nzima mjomba alikuwa anasema amechelewa zamu. Zamu ipi? Ujanani aliwahi kukata mkonge Kikwetu, kule Lindi. Mtu anayesahau ya jana mara nyingi anatembea kuelekea ya zamani, kwa hiyo uliza alikuwa anazungumza nini siku za mwisho, kisha tafuta huko. Sisi tulikuwa tumelipia matangazo redio za Mtwara peke yake, na mtu wetu hakuwa tena Mtwara. Siku ya tatu tangazo likasomwa Lindi.

Saa nne hivi simu ikaita. "Mwanangu, mzee wenu ninaye hapa Mnazi Mmoja, njia panda. Kakaa kwenye benchi langu. Kala mihogo na samaki, sasa anauliza gari la Kikwetu." Alikuwa mama anayekaanga samaki. Dereva wa fuso alimpa mjomba lifti akidhani anarudi kwake, akamshusha pale. Tulimwomba yule mama ampe mjomba simu, tukamwita kwa jina lile la utotoni, akaitika.

Akipatikana, rudi kila ulikotangaza useme amepatikana. Redioni, msikitini, kwenye magrupu, na polisi wafunge taarifa. Sisi tulisema redioni na msikitini, ile picha tukaiacha izunguke.

Mjomba alifariki miaka miwili baadaye, nyumbani, mikononi mwa dada yake. Simu bado zinaingia. Mwezi uliopita kijana alipiga kutoka Nachingwea, anahema, anasema mzee wa kwenye picha yuko mbele yake, amekaa chini ya mwembe na hajui alikotoka. Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikamwambia huyo si wetu, wetu ametangulia, lakini ni wa mtu. Ampe maji, amwulize jina alilopewa na mama yake, na asiondoke pale mpaka mwenyekiti wa kijiji afike.