Usilipie hiyo hita ya sola kabla hujapima maji ya kisima

Mkuu, usitume hela bado. Kama muuzaji anakuambia ofa inaisha wiki hii, acha iishe.

Umeuliza mambo matatu: uchukue mirija ya kioo au paneli bapa, tangi la lita ngapi kwa watu sita, na kama kuna haja ya kuwa na hita ya umeme ndani ya tangi kwa ajili ya siku za mawingu. Wadau wamekujibu vizuri tu, wengine hadi picha za mapaa yao wameweka. Lakini mwishoni kabisa mwa swali lako kuna mstari ambao hakuna aliyeugusa. Umesema nyumba inatumia maji ya kisima kirefu, yana "kachumvi kidogo", na muuzaji amekuhakikishia kwamba mtambo wake unakubali maji yoyote.

Maji yoyote. Ndivyo nilivyoambiwa na mimi, neno kwa neno. Na niliuliza, tena kabla ya kulipa, tena mbele ya fundi wake. Jamaa akachomoa mfukoni ile kalamu ya kupimia TDS, akaichovya kwenye glasi, akanionyesha tarakimu huku anatabasamu. "Umeona mzee? Maji yako safi kabisa." Ile kalamu haipimi usafi wa maji! Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha inakadiria jumla ya chumvi zote zilizoyeyuka humo. Haikuambii kama ni kalsiamu, kama ni kloridi, au kama ni chumvi isiyo na shida na tangi. Maji ya visima viwili yanaweza kusoma namba ileile, ya kimoja yakakaa na tangi miaka mingi bila tatizo, ya kingine yakalitoboa mapema. Mtu anayekula na kulala kwa kuuza hita za maji analijua hilo. Na kama halijui, asisimame mbele ya mteja na kalamu mkononi akijifanya mpimaji.

Nilichofungiwa kinafanana na hicho ulichoandikiwa kwenye nukuu yako: tangi la lita 200 la chuma cha pua, na mirija ya kioo iliyochomekwa moja kwa moja kwenye tangi. Elewa mirija hiyo inavyofanya kazi, maana shida inaanzia hapo. Kila mrija una kuta mbili za kioo na katikati yake hakuna hewa. Upande wa juu uko wazi na umeingia ndani ya tangi, upande wa chini umezibwa. Maji yaleyale utakayooga ndiyo yanayoshuka ndani ya mrija, yanapata moto, yanapanda yenyewe kurudi tangini. Hakuna pampu, na kwa maji laini, yaani yenye chokaa kidogo, ni mtambo mzuri sana, sitaki kuusingizia. Lakini kwa kuwa chini kumezibwa, chochote kinachotua mle hakina pa kutokea.

Na kwa maji magumu, kitu lazima kitue. Chumvi nyingi huyeyuka zaidi maji yanapopata moto, ila chokaa ya kwenye maji inakwenda kinyume: joto linapopanda inaganda na kuwa ukoko, uleule unaouona ndani ya birika. Ukishavuka nyuzi 60 hivi kasi yake inaongezeka sana, na mirija ya kioo kwenye jua kali inavuka hapo bila shida. Yaani ule ufanisi unaosifiwa ndio unaoharakisha ukoko.

Mwanzoni maji yalikuwa ya moto kweli, kila mgeni alikuwa anasifia. Baadaye koki ya moto ya jikoni ikaanza kutoa maji kwa kusuasua, na bomba la mvua likawa linaziba kwa vipande vyeupe. Fundi akasema ni presha. Tukabadilisha pampu ya maji ya nyumba. Akasema ni chujio, tukaweka chujio, ambalo kwa bahati alikuwa nalo garini. Hakuna hata siku moja alipendekeza tufungue mrija mmoja tuangalie. Nilipolazimisha, ukatoka kwa shida, mpira wa kuzuia maji umeshikana na ukoko, na mrija wenyewe mzito kuliko ulivyopaswa kuwa baada ya kumwaga maji. Robo ya chini ilikuwa imejaa tope jeupe. Ukilisugua kati ya vidole unasikia chembe kali. Juu ya hilo tope, kioo kilikuwa kimeshika utando mgumu ambao kucha haikuuweza.

Hiyo ndiyo hasara ndogo. Ukoko unatoka, asidi ya sitriki inauyeyusha, ni usumbufu wa kurudiarudia lakini mtambo haufi. (Ukifanya hivyo, fanya alfajiri mtambo ukiwa umepoa. Mrija mkavu uliokaa juani unaweza kupita nyuzi 200 ndani. Ukiutia maji ya baridi unapasuka hapohapo.)

Hasara yenyewe ni tangi. Hapa naomba usome taratibu.

Chuma cha pua hakishiki kutu kwa sababu juu yake kuna utando mwembamba sana wa oksidi ya kromiamu unaojiziba wenyewe ukikwaruzwa. Adui wa huo utando ni kloridi, ile ya kwenye chumvi ya kawaida. Kloridi hailili tangi lote kwa usawa. Inashambulia nukta moja, inatengeneza kishimo, na kishimo kinachimbika kwenda ndani mpaka kinatokea upande wa pili, wakati sehemu nyingine zote za bati zinang'aa. Joto linazidisha kasi. Na sehemu dhaifu kuliko zote ni kwenye maungio ya kuchomelea, ambayo tangi lolote la namna hii linayo kuzunguka vifuniko vyake.

Kuna daraja zinazotajwa sana: 304 na 316. Tofauti kubwa ni kwamba 316 ina molibdeni, kama asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayoisaidia kuvumilia kloridi. Kwa maji ya baridi, 304 hukubaliwa kwa kawaida hadi kama miligramu 200 za kloridi kwa lita. Kwa maji ya moto kikomo hicho kinashuka sana. Sasa tazama nukuu yako uliyobandika: "tangi la ndani, chuma cha pua, daraja la chakula". Daraja la chakula maana yake ni nini kwa tangi la maji ya nyuzi 70? Hakuna namba ya daraja pale. Mimi pia niliandikiwa maneno hayohayo, na nilipouliza ni 304 au 316 nikajibiwa "ni ile nzuri".

Ubaya wa tundu la aina hii ni kwamba halionekani. Tangi la ndani limezungukwa na povu la kuhifadhi joto, halafu bati la nje. Maji yanavujia kwenye povu kwanza. Dalili ya mapema, ambayo hakuna aliyenieleza, ni maji kupoa usiku: jioni ni ya moto, alfajiri ni vuguvugu, maana povu lililolowa halihifadhi joto tena. Fundi akasema ni msimu. Ulipofika wakati wa tone kuonekana chini ya bati, povu lilikuwa limeloa lote, mbao chini ya stendi zimeanza kuoza na dari ya chumba cha watoto imebonyea. Wakalichomelea. Likavuja pembeni ya pale walipochomelea, kwa sababu moto wa kuchomelea unaharibu uleule utando wa kinga. Wakachomelea tena.

Hasara yangu ukiijumlisha ni tangi, mbao, dari, rangi, na watu wa kushusha na kupandisha. Kumbuka lita 200 ni kilo 200 za maji peke yake, bado hujaweka chuma na kioo.

Nikaenda na dhamana yangu. Wakafungua kijitabu kilichokuja ndani ya boksi, yaani kilichonifikia baada ya kulipa, ukurasa wa nyuma kabisa. Pale pameorodheshwa vikomo vya maji: ugumu, kloridi, pH (kipimo cha uasidi). Ukivuka kimojawapo dhamana haipo. Kiwanda kilisema ukweli kwa maandishi. Muuzaji ndiye aliyeuacha huo ukweli ndani ya boksi na kuniambia maji yoyote. Tena kwa kujiamini, eti hii ni teknolojia mpya, haisumbuliwi na chumvi. Teknolojia mpya! Clarence Kemp wa Baltimore alipata hataza ya hita ya maji ya jua mwaka 1891, na mwaka 1909 William Bailey akatenganisha tangi na paneli ili maji yazunguke yenyewe kwa joto. Mirija isiyo na hewa ndani ni ya baadaye, sawa, lakini chokaa na kloridi hazijabadili tabia.

Na kabla hajatokea wa kuniambia nilikimbilia vya bei chee: hapana. Nililipa zaidi ya majirani wawili ambao mitambo yao inadunda mpaka leo. Wao wanatumia maji ya bomba.

Kwa hiyo nenda maabara kwanza. Usiulize mirija au paneli, usiulize chapa gani, mpaka uwe na karatasi mkononi. Chukua chupa safi, acha pampu ifanye kazi muda wa kutosha ili upate maji ya kisimani na siyo yaliyolala kwenye bomba, suuza chupa kwa maji hayohayo, jaza mpaka juu bila kuacha hewa, funga, peleka upesi. Ukichelewa, gesi ya kaboni inatoka na pH inakudanganya. Omba wapime ugumu kama kalsiamu kaboneti, kloridi, pH, chuma na jumla ya chumvi.

Kuhusu ugumu, kipimo kinachotumika sana kinasema chini ya miligramu 60 kwa lita ni maji laini, 61 hadi 120 ni magumu kiasi, 121 hadi 180 ni magumu, zaidi ya 180 ni magumu sana. Ya kwangu yalikuwa kundi la mwisho, na kloridi juu. Ukiwa huko, maji ya kisima yasiingie kwenye mirija wala kwenye mabomba membamba ya paneli. Tafuta mfumo wa mzunguko uliofungwa: kimiminika maalumu kinazunguka kati ya paneli na tangi, na kinapasha maji kupitia ukuta au koili. Lakini usidanganywe tena hapa. Mfumo huo unaokoa paneli, hauokoi tangi, kwa sababu maji yako bado yanakaa tangini. Kwa tangi, kama kloridi iko juu, ondokana na 304. Chukua lililopakwa enameli (utando wa kioo) ndani, lenye fimbo ya magnesiamu. Fimbo hiyo inaliwa badala ya tangi, kwa hiyo lazima ifunguliwe na kukaguliwa, kwa maji makali kila mwaka, na ibadilishwe kabla haijaisha. Muulize muuzaji fimbo iko wapi na inatolewaje. Akianza kutafuta maneno, ondoka.

Atakayekuambia "weka tu mashine ya kulainisha maji" amekupa nusu ya jibu. Mashine hiyo inatoa kalsiamu na kuweka sodiamu mahali pake. Ukoko unapungua kweli, lakini kloridi inabaki vilevile na tangi lako la 304 linaendelea kutoboka. Kama una paa zuri la kuvunia maji ya mvua, fikiria kulisha hita peke yake kwa maji hayo. Ni laini, kloridi yake kwa kawaida ni ndogo mno ukiwa mbali na bahari, na matumizi mengine yaendelee na kisima. Mimi ndivyo nilivyo sasa, na ukoko sijauona tena.

Lita ngapi? Kadiria 40 hadi 50 kwa mtu kwa siku. Watu sita ni 240 hadi 300, kwa hiyo hiyo 200 aliyokuandikia ni ndogo hata kama maji yangekuwa laini. Kupasha lita 300 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji kama yuniti 14 za nishati kwa siku, na jua la siku moja lazima lizikusanye, basi mwambie akuonyeshe hesabu ya eneo la paneli.

Na hicho kijitabu cha kwenye boksi, mwombe leo. Akupigie picha ukurasa wa vikomo vya maji na ukurasa wa dhamana, umtumie na yeye karatasi ya maabara, ajibu kwa maandishi kwamba maji haya yanakubalika kwa tangi hili. Ukipata majibu ya maabara yaweke hapahapa kwenye uzi, ugumu na kloridi hasa, pamoja na namba ya daraja la chuma kama atakubali kuitaja. Nitayasoma.