Kocha na mchezaji wakinuniana, angalia mipira inaenda upande gani

Maskani za Mombasa jioni ni ubishi wa fomesheni tu, yaani timu ijipange vipi uwanjani, huyu 4-3-3, yule mabeki watatu. Mimi nimekaa benchi la timu za mtaani miaka mingi kama msaidizi wa kocha na nawaambia, mambo mengi mnayoyaita mbinu ni kununiana tu.

Kuna mechi tulicheza uwanja wa Serani, winga wetu wa kulia alikuwa anamtesa beki wao namba tatu, akipewa mpira anapita. Sasa wiki hiyo yeye na kocha walikuwa wamekosana kwa sababu ya nauli ya mazoezi, kijana akamjibu mbele ya wenzake. Basi kocha siku hiyo ni "kushoto! chezeni kushoto!" na huko kushoto tuna mtu anachechemea kifundo, hata kukimbia hawezi. Kiungo wetu akiinua kichwa anamwona winga wa kulia yuko peke yake kanyosha mkono, anamtupia kocha jicho, halafu anapiga kushoto, mpira unapotea. Uliza benchi, unaambiwa ni mpango. Mpango gani huo jamani.

Na usidhani hasira ndiyo mbaya peke yake, woga ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Kocha ameshagombana na staa, mashabiki wako upande wa staa, sasa anaogopa kumtoa watu wasiseme ni chuki, mtu amechoka tangu hafutaimu lakini anaachwa mpaka filimbi ya mwisho, na yule dogo wa benchi mwenye pumzi anapasha misuli hadi jua linazama.

Hata huko juu yapo. Fainali ya Carabao Cup 2019, kombe la ligi la Uingereza, Chelsea na Manchester City 0-0, dakika za nyongeza zinaisha, Kepa, kipa wa Chelsea, amelala chini anatibiwa misuli. Kocha wake Sarri anataka kumwingiza Caballero, kipa wa akiba, Kepa anakataa kutoka, anapunga mikono, kocha karibu aondoke zake kwa hasira. City wakashinda penalti 4-3. Baadaye wote wawili walisema hawakuelewana tu, sawa, lakini mimi ninachokipenda ni kilichofuata: klabu ikamkata mshahara wa wiki, mechi ya Tottenham akawekwa benchi, Caballero akadaka wakashinda 2-0, halafu Kepa akarudi golini. Adhabu fupi, imeisha, maisha yanaendelea.

Kwa hiyo kocha mwenzangu, kama una neno na mchezaji usimpange kabisa siku hiyo, na umwambie kwa nini. Kumpanga halafu kumnyima mpira ni kucheza watu kumi kwa hiari yako. Mpiga penalti na frikiki andika mapema kabla ya mechi damu ikiwa bado baridi, ukingoja refa apulize filimbi ndio uchague, utachagua rafiki yako.

Halafu mruhusu msaidizi akuulize swali moja kila ukitaka kumtoa mtu: kwa nini? Jibu likiwa "beki wao mpya ana mbio kumshinda" mtoe. Likiwa "huyu ananizoea sana", hilo halihusu mpira, muache aendelee mtamalizana baadaye. Na kumalizana kwenyewe si pale mstarini watu wakirekodi na simu, mpitishie kepteni au mzee wa timu anayeheshimiwa na nyote.

Wewe mchezaji nawe, ukiona hupewi mpira usisimame ukarusha mikono, hapo umempa kocha sababu aliyokuwa anaitafuta. Mfuate kwenye mazoezi akiwa peke yake, umuulize, "Kocha, tukipoteza mpira unataka nirudi mpaka wapi?" Kocha aliyenuna swali la kazi hulijibu, hata kama hatakuangalia usoni.