Jibu: Doa jeusi kwenye unyayo wa mama

Ndugu yangu, umeuliza kama doa jeusi lililo kwenye unyayo wa mama yako, ambalo unasema limetanuka tangu mwaka jana, laweza kuwa saratani ilhali mmeambiwa kwamba watu weusi hawaugui saratani ya ngozi. Imani hiyo imeenea mno, nayo si kweli. Melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, huwapata zaidi watu weupe, lakini kwetu sisi mara nyingi hujitokeza mahali ambapo jua halifiki sana, yaani unyayoni, kiganjani na chini ya kucha, ndiyo maana wengi huchelewa wakidhani ni fangasi au jeraha la kiatu. Bob Marley aligunduliwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Mwosheni miguu, kisha mtazame doa hilo kwenye mwanga wa mchana, mkitafuta dalili za hatari: kingo zisizo sawa, kahawia iliyochanganyika na weusi, upana unaozidi milimita 6, au damu inayotoka bila kuumia. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kule kutanuka pekee kunatosha kumpeleka kwa daktari wa ngozi wiki hii. Akilishuku, atamtia ganzi na kukata kipande kidogo cha ngozi kipelekwe maabara, kwa kuwa macho pekee hayathibitishi. Tafadhali msilichome kwa dawa za kienyeji wala kulikwangua kwa wembe kabla ya hapo, maana mtaharibu kipimo cha kina chake, ambacho madaktari hukitegemea sana wanapopanga matibabu.