Braddock hakubahatisha
Ndugu yangu, umeuliza kama bondia Mmarekani James Braddock alimpiga bondia mwenzake Max Baer kwa bahati tu. Hapana kabisa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika zaidi ya mara moja, mapambano yakakauka, akaenda kufanya kazi ya ukuli bandarini New Jersey. Huko alibeba mizigo akitegemea mkono wa kushoto, na ngumi yake ya kushoto, iliyokuwa dhaifu, ikakomaa. Juni 13, 1935 akamshinda Baer kwa pointi, raundi 15, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Kinachonigusa zaidi: familia yake iliwahi kula kwa msaada wa serikali, na alipopata pesa aliurudisha msaada huo. Joe Louis alimvua taji 1937, Chicago, kwa nokauti raundi ya 8.