Chomoa waya wa umeme ndipo uamini modemu ya akiba

Kila nikikuta modemu mbili za setilaiti kwenye raki moja huku Mtwara, nauliza: ile ya akiba mmeshawahi kuijaribu? Jibu huwa ndiyo, tumebonyeza kitufe, kazi ikahamia vizuri. Basi naomba tuchomoe kabisa waya wa umeme wa ile iliyo kazini. Hapo nyuso hubadilika.

Kwenye mifumo ya L-bendi, yaani megahezi 950 mpaka 2150, waya wa kupokea haubebi mawimbi peke yake. Mara nyingi modemu hupitisha humohumo umeme wa kuwasha LNB, kile kifaa cha kupokea mawimbi kule kwenye dishi. Splita nyingi za kugawa mawimbi kwa modemu zote mbili hupitisha umeme kwenye tundu moja tu, tuseme la modemu A. Ukibonyeza kitufe, modemu A, iliyo kazini, inaacha kazi lakini bado imewaka, na LNB inaendelea kula umeme wake. Modemu A ikiungua kweli, LNB inazimika nayo, na modemu B, ile ya akiba, inabaki kiziwi. Nililiona hilo kituo kimoja cha pwani, mvua inanyesha, na kila mtu anailaumu mvua.

Dawa ni swichi ya kuhamisha kazi kati ya modemu, inayopokea umeme wa pande zote mbili, au LNB iwe na chanzo chake cha umeme. Usikimbilie splita inayopitisha umeme matundu yote: wa modemu moja unaweza kuingia kwenye nyingine.

Upande wa kurusha, waya za kutoka modemu hadi kwenye swichi ziwe za aina moja na urefu mmoja. Waya wa B ukiwa mfupi, mawimbi yake yatafika kwenye BUC, kile kifaa cha kurusha mawimbi, yakiwa na nguvu zaidi ya ile mliyokubaliana na kampuni ya setilaiti, na mtawachafulia wengine masafa. Ikishindikana, punguza nguvu ya B kwa desibeli ulizopima, siyo za kukisia.

Konekta za N, yaani aina ya viungio vya kuunganishia waya hizi, zina za oomu 50 na za oomu 75. Pini ya 50 ni nene. Ukiilazimisha kwenye tundu la 75 unalipanua, na tundu hilo halitashika tena vizuri.

Nje, adui ni chumvi ya bahari. Zungusha kwanza tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kisha ile nyeusi ya kawaida, ukianzia chini kwenda juu ili mikunjo ilaliane kama bati za paa. Konekta za ziada uwe nazo kituoni. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilikatika Somanga, na mzigo wa Kariakoo ukabaki hukohuko.

Siku ya jaribio la kuchomoa, piga simu kwanza kwa kampuni ya setilaiti, na uchague saa ambayo hakuna anayetuma malipo.