Mtutu wa bunduki ya upepo na hewa yetu ya pwani: unavyosafishwa bila kuuharibu wala kujiumiza

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa hapa Chumbageni, Tanga, kaniletea bunduki ya upepo aliyoachiwa na babu yake, ile ya kukunja mtutu ili kubana springi, anasema zamani mzee alikuwa anapiga kizibo cha soda kwa hatua ishirini na sasa hivi yeye hata kopo la maziwa analikosa. Nikamuuliza unaisafishaje, akasema kila Jumamosi bila kukosa, anachukua spoku ya baiskeli anaifunga kitambaa anachovya mafuta ya taa anasukuma kwa mbele, anasugua weee mpaka kitambaa kitoke cheupe. Nikaikunja kwanza nikahakikisha haina kitu ndani, nikausogeza mdomo wa mtutu kwenye mwanga wa mlangoni, nikapitisha ncha ya kijiti cha pamba pale ukingoni taratibu. Nyuzi za pamba zikanasa. Kuna mkwaruzo mdogo upande wa kulia, haufiki hata unene wa ukucha.

Iliniuma kweli, kwa sababu mtutu wangu wa kwanza niliuharibu hivyohivyo na hakuna mtu aliyenikataza. Ndo maana naandika hii.

Kitu cha kwanza kukielewa, hii siyo bunduki ya baruti. Ile ya baruti kila ukipiga kuna kitu kimeungua, masizi yanabaki, lazima isuguliwe. Hii yetu inasukumwa na hewa tu, hakuna kinachoungua, kinachobaki ndani ni utando mwembamba wa madini ya risasi na mafutamafuta kidogo. Na ile risasi ni laini, unaweza kuikwaruza kwa kucha, kwa hiyo haili chuma. Kinachokula chuma ni spoku yako, na waya, na brashi ya chuma. Ndani ya mtutu kuna mifereji imejisokota kuizungusha risasi ili iende moja kwa moja, na pale mdomoni ndo mahali pa mwisho risasi inapoguswa kabla haijaondoka, sasa pakiwa na jeraha upande mmoja hewa inatoka kwa upande huo kwanza na kuisukuma risasi pembeni. Unaweza kuwa na bunduki ya mamilioni, mdomo ukishaumia shabaha imekwisha.

Mie naisafisha ndani pale tu nikiona shabaha imeanza kutawanyika bila sababu, au imenyeshewa, au imekaa miezi haijaguswa. Basi. Inaweza kupita hata mwaka.

Sasa usalama, na hapa naomba msome polepole. Kabla ya kitambaa kabla ya mafuta, ikunje uangalie kwa macho yako kama kuna risasi, hata kama umeiweka mwenyewe jana na unakumbuka kabisa ilikuwa tupu. Risasi zote zitoe mezani zipeleke chumba kingine. Usichungulie kwa mbele hata siku moja, ukitaka kuona ndani ya mtutu ikunje, weka karatasi nyeupe mbele ya mdomo, wewe angalia kwa nyuma. Na ile ya springi ukishaikunja mpaka mwisho ujue springi imeshabanwa, triga ikiguswa mtutu unaruka kurudi juu kwa nguvu ambayo huwezi kuizuia, nina jamaa yangu wa Pongwe kidole cha shahada kimebaki nusu kwa mchezo huo. Kwa hiyo kwenye kusafisha unaikunja kidogo tu, ile ya kufungua nyuma ya mtutu, usivute mpaka isikike tak, mkono mmoja unashika mtutu muda wote na watoto wasiwepo karibu.

Kifaa changu mie ni mshipi wa kuvulia, ule wa nailoni mnene, nilinunua pale Deep Sea kwa wauza nyavu. Nakata kipande kama mara mbili na nusu ya urefu wa mtutu, naukunja katikati, napitisha zile ncha mbili kwa nyuma pale panapowekwa risasi mpaka zitokee mdomoni, kwenye kitanzi kinachobaki nyuma naweka kipande cha fulana kuukuu ya pamba cha ukubwa wa stempu ya posta, alafu navuta kwa mbele moja kwa moja bila kuegemea upande wowote. Kiwe kinabana kidogo tu, ukiona unavuta mpaka mshipi unakukata mkono kitoe upunguze, maana kikikwama katikati utajuta. Cha kwanza kitatoka cheusi kinang'aang'aa kama risasi ya penseli, cha pili kijivu, cha tatu au cha nne kijivu cha mbali, hapo acha. Usitafute weupe. Ule utando kidogo unaobaki mtutu unauhitaji, na hata ukishasafisha risasi kumi au ishirini za mwanzo zitapotea njia kidogo mpaka mtutu uzoee tena, usianze kuchezea saiti, yaani kile cha kulengea.

Mafuta ndo yameua bunduki nyingi huku kwetu. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche, si ndiyo? Hewa inabanwa mpaka inapata moto na dizeli inawaka yenyewe. Bunduki ya springi inafanya vilevile, pistoni inaibana hewa ghafla, ikikuta mafuta yanawaka, unasikia mlio mkubwa kama ya baruti na moshi mdomoni, watu wanafurahi wanasema leo ina nguvu. Inakufa hiyo! Sili, ule mpira wa pistoni unaozuia hewa isivuje, inaungua na springi inakatika. Ya kwangu niliipaka mafuta ya nazi kwa ushauri wa wazee, ikalia hivyo kama mara tano na ya sita ikatoa kafu kama mtu anakohoa, risasi ikadondoka miguuni. Mafuta ya nazi yanaganda pia na kuvuta vumbi, yaacheni jikoni. Mafuta ya taa na petroli yanaweza kuharibu oringi, vile vipira vya duara vya kuzuia hewa. Ukitaka kuukinga mtutu ndani usishike kutu, tone moja la oili ya cherehani kwenye kitambaa, vuta mara moja, na kabla ya kupiga tena vuta kitambaa kikavu mara mbili.

Zile za chupa, zinazobeba hewa iliyoshindiliwa tayari, ni habari nyingine. Tairi ya gari ndogo ina presha ya baa 2 hivi, chupa ya bunduki inafika 200 na zaidi, oili ya kawaida ikikutana na presha hiyo inaweza kulipuka usoni kwako, kwa hiyo kule ni oili ya silikoni tu kwenye oringi. Na msijaribu kabisa kuijaza kwa mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji. Chupa na vali mpeni fundi.

Risasi ikikwama ndani usipige nyingine nyuma yake kuisukuma. Itoe kwa kijiti cha mbao laini kinachoingia bila kubana, dondosha tone la oili, isukume taratibu.

Kwa sisi wa Tanga kazi kubwa hasa iko nje ya mtutu. Kusi linavyovuma kutoka baharini chumvi inaingia mpaka kabatini, na jasho la mkono nalo ni chumvi, ukishika chuma leo keshokutwa unaona alama za vidole zimegeuka kutu ya rangi ya udongo. Kila ukiirudisha ifute yote kwa kitambaa chenye oili kidogo. Usiilaze kwenye begi la sponji wala ala ya ngozi, vinashika unyevu, masika ndo kabisa. Na isilale imebanwa springi, ifungiwe mahali pa ufunguo.

Lingine, naona watu wanaweka risasi kinywani mwao ili zisipotee wakati wa kulenga. Jamani hapana! Ile ni madini ya risasi kweli, jina lenyewe linakwambia, ni sumu inayojikusanya mwilini na watoto ndo inawadhuru zaidi. Ukimaliza kusafisha nawa kwa sabuni kabla hujagusa andazi, na vile vitambaa vyeusi vifunge kwenye mfuko vitupwe, visirudi kuwa vya kufutia meza.

Kwa ambaye bado anafikiria kununua, pita polisi kwanza uulize kibali.

Ile ya kijana tulivuta vitambaa vitatu, tukaenda nayo shambani Muheza kwa mjomba wangu, tukapiga ishirini kwenye boksi lililoegemezwa tuta la udongo. Zimejikusanya kuliko mwanzo, ila kundi zima limekaa kushoto, sawa na nilivyotegemea kwa ule mkwaruzo. Mdomo unatakiwa ukerezwe upya na fundi wa silaha mwenye leseni, kijana ameshaanza kudunduliza. Spoku nimebaki nayo mie.