Mshipa wa paja ukikataa: kuchagua njia nyingine ya kufikisha vali ya aota

Ninyi mnaoanza kazi ya kubadilisha vali ya aota (mlango wa moyo unaotoa damu kwenda kwenye aota, ateri kuu ya mwili) kwa katheta, yaani mrija unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu, kwa kawaida ateri ya paja, jifunzeni kusoma skani ya CT kabla ya kujifunza kushika waya. Njia huchaguliwa pale, siku kadhaa kabla mgonjwa hajalala mezani. Skani ianzie shingoni na kuishia juu ya paja. Ikipigwa kifua peke yake, figo za mgonjwa zitabeba mzigo wa dawa ya kung'arisha mishipa mara ya pili.

Kipenyo cha ndani kipimwe mahali pembamba kuliko pote, picha ikikatwa kwa pembe mraba na mstari wa katikati ya mshipa. Kwenye picha ya mlalo ya kawaida, ateri iliyopinda huonekana pana kuliko ilivyo. Vali nyingi za sasa zinataka ateri ya milimita 5.0 hadi 6.0, kutegemea aina na ukubwa wa vali. Namba ya Frenchi (kipimo cha unene wa mirija) kwenye mrija wa kupitishia ukiigawanya kwa 3 unapata milimita, ila hicho ni kipenyo cha ndani ya mrija, na kinachosugua ukuta wa ateri ni nje yake. Kipenyo cha nje cha mrija kikizidi cha ateri kwa uwiano wa zaidi ya 1.05, hatari ya kuuchana mshipa hupanda.

Hata hivyo, msilikimbie paja upesi. Ateri iliyopinda lakini laini hunyooka ikipitishiwa waya mgumu. Inayogoma ni ile iliyopinda na kuzungukwa pande zote na chokaa, yaani kalsiamu iliyoganda ukutani. Siku hizi kuna puto la mawimbi ya mshtuko linalopasua chokaa hiyo bila kung'oa ukuta, na wagonjwa wengi waliokuwa wakipelekwa njia nyingine hubaki kwenye paja. Ukishapita kwa shida, jihadhari wakati wa kutoka. Mrija huziba mpasuko uliousababisha wenyewe, kwa hiyo shinikizo la damu huporomoka pale unapouvuta. Waya usitoke kabla picha ya mwisho haijaonyesha ateri nzima, na puto la kuziba pamoja na stenti yenye kitambaa (kijibomba cha kuziba ukuta wa ateri kwa ndani) viwe tayari, ukubwa wake umeshachaguliwa.

Paja likishindikana kabisa, tunatazama kwanza shingo na kwapa. Ateri ya karotidi ya kushoto, inayopita shingoni kupeleka damu kwenye ubongo, ina mstari ulionyooka kuelekea kwenye vali, na mkono wa daktari huona tofauti mara moja, kwani vali haichezi wakati wa kuiweka. Tafuta kipenyo cha milimita 6 hadi 7, bila mahali palipozibwa kufikia nusu, kisha angalia karotidi ya upande wa pili, ateri za uti wa mgongo na mzunguko wa damu chini ya ubongo. Mkato mfupi juu ya mtulinga unatosha. Neva ya vagasi hulala nyuma, kati ya karotidi na vena ya shingo, nayo ikivutwa au kubanwa mgonjwa huamka na sauti ya kukwaruza. Kabla ya kuingiza mrija, bana ateri kidogo huku ukitazama kipimo cha oksijeni ya ubongo kilichobandikwa kwenye paji la uso. Kikishuka zaidi ya asilimia 20 ya kilipoanzia, pandisha shinikizo la damu. Kisipopanda, acha njia hiyo. Wakati wa kufunga, achia damu itoke kwanza pande zote mbili ili hewa na vipande vilivyoganda visiende kwenye ubongo.

Ateri ya kwapa ina ukuta mwembamba kuliko ya paja, na huchanika kwa nguvu ndogo. Kama mgonjwa aliwahi kuunganishiwa ateri ya kifua ya kushoto kwenye moyo, damu ya muunganiko huo hutoka kwenye ateri ya chini ya mtulinga upande huohuo. Mrija mnene ukiijaza, moyo unakosa damu mezani. Upande wa kulia una tatizo la pembe: aota iliyolala sana hufanya vali inayojifungua yenyewe ikae upande.

Njia ya kupitia vena kubwa ya tumbo huwashangaza wageni wengi. Waya huingia kwa vena ya paja, hutiwa umeme wa mashine ya kukatia, na kutoboa kutoka vena kava, yaani hiyo vena kubwa, hadi aota ya tumbo, ambako kitanzi kinausubiri. Damu haimwagiki ovyo kwa sababu shinikizo ndani ya vena ni dogo kuliko la tishu zinazoizunguka, hivyo damu inayotoka aotani hurudi kwenye vena. Sharti ni ukuta wa kulia wa aota usio na chokaa mahali pa kutoboa, mbali na ateri za figo, na bila utumbo katikati. Tundu huzibwa kwa kizibo cha nitinoli (aloi ya nikeli na titani), waya wa akiba ukiachwa ndani hadi picha ithibitishe kwamba damu haivuji nje.

Kufungua kifua tunakuweka mwisho. Ncha ya moyo hupitiwa kati ya mbavu, na nyuzi hushonwa na kuegemezwa kwenye vipande vya kitambaa kabla ya kutoboa. Msuli mlaini wa mzee hukatwa na uzi, na mapafu dhaifu hayapendi mkato huo. Aota yenyewe hutobolewa sentimita 5 hadi 7 juu ya vali, mahali pasipo na chokaa.

Kwa njia ya ncha ya moyo, vali inayopanuliwa kwa puto hupakiwa kinyume na njia nyingine zote tulizotaja, kwa sababu inaifikia aota ikifuata mkondo wa damu. Watu wawili waiangalie kwa macho na kutamka mwelekeo wake kwa sauti kabla haijaingia kwenye mrija. Ikishafunguliwa kinyume, puto haliwezi kuirudisha.